Kazi Isiyo na Bwana

Hapa Lubumbashi, mtu akisema anatamani kuchora, kutunga nyimbo au kuandika, neno linalofuata karibu kila mara ni hili: muda hakuna. Anatoka mtaa wa Katuba kabla jua halijachomoza, anarudi giza limeingia, Jumamosi kuna msiba, Jumapili kuna ibada, na katikati ya yote hayo kuna karo ya watoto na kodi ya nyumba. Malalamiko haya ni ya kweli, wala sikusudii kuyapuuza. Ninachopinga ni hesabu iliyojificha ndani yake. Hesabu hiyo huyachukua maisha kuwa fungu la saa: kazi ya mshahara inakata sehemu yake kwanza, familia na kanisa zinakata zao, na ubunifu unapewa makombo, kama yamebaki. Kuwa na usawa, kwa hesabu hiyo, ni kugawa kwa ustadi zaidi. Mimi nashikilia kwamba usawa hautoki kwenye mgawo. Mtu hutulia anapokuwa na angalau tendo moja ambalo hakukodiwa kulifanya, analolibeba mwenyewe tangu wazo la kwanza hadi mwisho, na ambalo wenzake wanalihitaji. Tendo hilo likiwepo, hata likiwa dogo, saa nyingine zinapata mahali pake. Likikosekana, hata likizo ya mwezi mzima haimshibishi.

Hesabu ya saa ina historia, na kwetu historia hiyo ina tarehe. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wetu huu ukaanzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka uliofuata tanuru za Lubumbashi zikaanza kutoa shaba. Lakini shaba ya nchi hii haikuanza na Union Minière. Misalaba ya shaba imefukuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, aliandika mwaka 1926 juu ya wale walioitwa wala shaba, yaani mafundi wa kuyeyusha wa zama za kabla ya kampuni. Kazi yao ilikuwa nzito kupita nyingi tunazozijua leo. Hata hivyo walikwenda mlimani wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, na kuyeyusha madini kulikwenda pamoja na kuwaomba wahenga na kuimba. Hapakuwa na mpaka kati ya jasho, sala na ufundi. Kampuni ndiyo iliyouchora mpaka huo. Kiangazi na masika vikafutwa, zamu ikachukua nafasi yake. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilipotaka wafanyakazi watulie kambini na wake zao, ilitoa nyumba, posho ya unga, zahanati na shule, na pamoja na hivyo ikapanga burudani: mpira, sinema, muziki. Hata mapumziko yalikuwa na mwajiri. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma wakidai mishahara, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi hapohapo. Watu wengi walikufa. Uwanja uliotolewa kwa ajili ya kupumzika ulibaki mali ya aliyeutoa, na siku ile kila mtu aliliona hilo wazi.

Ushahidi mwingine ni wa karibu zaidi, na watu wengi wanaosoma maneno haya waliushuhudia. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikawa ya kusubiri kwa miezi. Kuanzia 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, wakapewa malipo ya mara moja tu. Kama usawa wa maisha ungekuwa suala la saa, wazee hao wangeamka siku iliyofuata wakiwa matajiri, maana saa zote zilikuwa zao. Haikuwa hivyo. Najua kilichowauma kwanza ni njaa, na sitaki hoja yangu ipite juu ya njaa hiyo. Ila hata yule ambaye watoto wake waliweza kumletea unga alibaki na kiti barazani na mikono ambayo kwa miaka thelathini ilikuwa imeongozwa na mtu mwingine. Mapumziko aliyoyajua yalikuwa kivuli cha kazi. Kazi ilipoondoka, kivuli nacho kikatoweka.

Sasa tumtazame mtu aliyekuwa na saa chache kuliko hata mchimba madini. Boyi wa nyumba za wazungu hakuwa na zamu. Siku yake ilianza na kahawa ya bwana na kuisha na vyombo vya usiku, na katikati aliweza kuitwa wakati wowote. Mwaka 1965 mmoja wa watu hao, André Yav, aliandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani kijitabu kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha mjini hapa, bila kujali kanuni za vitabu. Kinasimulia mji ulivyoanza, wazungu walipewa majina gani na Waafrika, boyi alilipwa nini na aliteswaje, na wafalme wa zamani walikuwa akina nani. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alikichapisha pamoja na tafsiri yake mwaka 1990, na leo ni moja ya kumbukumbu adimu za mji zilizoandikwa na waliokuwa jikoni. Kinachonigusa ni kwamba malighafi ya kitabu ilikuwa utumishi wenyewe. Kusimama nyuma ya kiti cha bwana, kusikia bila kuulizwa, kukumbuka nani alisema nini: yote hayo yalikuwa amri za kazi, na yote yaligeuka kuwa elimu ya mwandishi. Miaka kadhaa kabla yake, katika karakana ya uchoraji ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliifungua mjini hapa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mtumishi wake Bela alikuwa amechora kwa ncha za vidole picha ambazo hata sasa zinatafutwa. Hatuwezi kusema kwamba Yav na Bela walikuwa na muda. Walikuwa na jambo ambalo lilikuwa lao.

Kwa nini jambo la namna hiyo limtulize mtu, wakati linamwongezea kazi juu ya kazi? Hapa Katanga tunalo jibu lililofikiriwa kwa Kiswahili, na nashangaa tunavyolisahau. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mjini Élisabethville mwaka 1945. Mwaka 1953 akiwa Kolwezi, pamoja na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, akaanzisha mafundisho yaliyokuja kuitwa Jamaa. Wenyewe waliitana baba na mama. Katikati ya mafundisho hayo yalikuwa mambo matatu ambayo kila mtu, mweusi kwa mweupe, anayatamani ndani ya moyo wake: uzima, uzazi na mapendo. Uzazi haukuwa wa watoto wa mwili pekee. Mtu aliweza kumzaa mwingine kwa fikra, kwa neno, kwa kumpokea na kumwongoza, na asiyezaa kwa njia hiyo alihesabiwa hajatimia hata kama ana watoto kumi. Naona katika utatu huu kipimo bora cha ubunifu kuliko vingi tunavyoletewa. Wimbo, picha, kitambaa kilichotarizwa, hadithi iliyosimuliwa vizuri, ni uzazi. Huo uzazi unahitaji uzima wa mtunzi, yaani nguvu ambayo haikumalizwa yote na bwana wa mchana. Na bila mapendo, kile kilichozaliwa kinabaki tamaa ya kujionyesha, nayo tamaa haina siku ya kushiba. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na muda tele na vifaa vyote, akatunga, akapigiwa makofi, na bado akalala na utupu.

Mwandishi Aimé Césaire wa Martinique angenisimamisha hapo. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 juu ya ukoloni alimshambulia Tempels kwa jina. Hoja yake ilikuwa kwamba wakati Wabantu wanahitaji mishahara ya haki, nyumba na chakula, padri anawapa heshima ya kuwa na falsafa, na mkoloni anatulia kwa sababu heshima ya aina hiyo haimgharimu chochote. Pingamizi hili ni kali na sehemu yake kubwa ni kweli. Mazungumzo juu ya utoshelevu wa moyo yanaweza kuwa dawa ya usingizi, na waajiri wanaoipenda dawa hiyo hawakuisha na uhuru wa mwaka 1960. Kijana anayepakia magari ya mpakani Kasumbalesa saa kumi na nne kwa siku akiambiwa atafute ubunifu wake ndani ya moyo, anadhihakiwa. Lakini Césaire mwenyewe alikuwa mshairi, na hakuacha ushairi akisubiri mishahara ipande. Nadhani alijua kwamba mtu anayedai mkate anaudai kwa sababu tayari ana kitu kinachostahili kulishwa. Wafanyakazi wa Jamaa hawakuwa na nafasi nyingi ya kusema kitu chao katika kambi ambako kila kitu kilipangwa. Waliposimama kufundishana usiku, wao kwa wao, kwa lugha yao, walijipa mamlaka ambayo si kampuni wala uongozi wa Kanisa ulikuwa umewapa. Hofu ya viongozi wa Kanisa, walioibana Jamaa katika miaka iliyofuata, inanionyesha kwamba haikuwa dawa ya usingizi. Hapo ndipo naona jibu: ubunifu hauchukui nafasi ya haki, lakini anayeuacha kabisa mpaka haki ipatikane atafika akiwa hajui alikuwa anadai kwa ajili ya nani.

Pingamizi la pili linatoka kanisani, na katika mji wenye makanisa mengi kama wetu lazima lijibiwe kwa maandiko. Wapo wanaosema gitaa la mtaani, uchoraji na maigizo ni mambo ya dunia, kwamba saa iliyobaki ni ya Mungu na si ya kuchezea. Wafungue Kutoka, sura ya 31. Pale Musa anaambiwa kwamba Bezaleli wa kabila la Yuda amejazwa roho ya Mungu, na roho hiyo amepewa ili abuni na kufanya kazi za dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe, achonge miti. Fundi wa shaba anajazwa roho kwa ajili ya ufundi wake. Kwa mtu wa Katanga hilo si andiko la kupita mbiombio. Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki aliyetunga Missa Katanga, hakuona kwamba anamwibia Mungu alipoitia sala ya Kilatini midundo ya nyumbani. Hata hivyo sura hiyohiyo ina jambo jingine, na wasanii tunapenda kuliruka. Mara tu baada ya Bezaleli na mwenzake Oholiabu kutajwa, pamoja na hema na vyombo watakavyotengeneza, bila hata pumzi, inafuata amri ya Sabato. Hata hema la Mungu mwenyewe halikupewa ruhusa ya kula siku ya saba. Kazi takatifu kuliko zote ilikuwa na mwisho wa kila juma. Naye Benedikto, ambaye kanuni yake waliileta Katanga wamonaki waliofika mwaka 1910, aliwaruhusu mafundi wa monasteri wafanye ufundi wao kwa unyenyekevu, na akaagiza kwamba fundi anayeanza kujivuna kwa ustadi wake aondolewe kazini mpaka anyenyekee. Maandiko haya mawili yanakubali jambo ambalo watetezi wa sanaa hawalisemi vya kutosha: kipaji nacho kinaweza kuwa bwana, na bwana huyo ni mkali kuliko kampuni, kwa sababu anaishi ndani ya nyumba na hana mwisho wa zamu.

Bwana huyo siku hizi ana sura mpya. Mtu akipika vizuri, akishona, akiimba, mara moja anaambiwa aigeuze biashara, apige picha, atume kwenye simu, ahesabu watazamaji. Sizungumzi dhidi ya kuuza. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1947, aliishi kwa brashi yake. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akarudia mara nyingi picha ambazo watu walizitaka kwenye kuta za vyumba vyao vya kupokelea wageni, mamba muntu, yaani nguva, au kiboko cha wakati wa Wabelgiji. Alirudia kwa sababu alikuwa na familia. Lakini ndani ya biashara hiyo alitunza shabaha ambayo hakuna mnunuzi wa mtaani aliyemwagiza: kuchora historia yote ya nchi, tangu wafalme wa kale hadi siku zake. Kati ya 1973 na 1974 alipata mtu wa kuinunua, Fabian huyohuyo, akachora picha zaidi ya mia moja na kuzieleza moja moja kwa Kiswahili. Alijiita mwanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipotea, na hakuna anayeweza kusema sanaa ilimpa maisha mepesi. Basi mtu atauliza, utoshelevu uko wapi? Mimi sisemi kwamba ubunifu hulinda mtu na vita, njaa au kifo. Nasema kwamba katika picha mia moja zile kuna mtu mzima anayesimama na kusema, hivi ndivyo ilivyokuwa, nami nimeona. Na katika picha ya kumi ya mamba muntu kuna fundi mwema anayelisha watoto. Yule yule aliweza kuwa wote wawili, na hakuwa na haja ya kuacha mmoja ili awe mwingine. Kinachoua ni pale mnunuzi anapoamua kila kitu, mpaka fundi asijue tena angechora nini kama angeachwa.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, na kulijibu kunanilazimu kurekebisha hoja yangu. Karibu wote niliowataja ni wanaume. Aristotle aliandika kwamba tunahangaika na shughuli ili tupate faragha ya kufikiri, na faragha ya Athene ilibebwa na watumwa na wanawake. Faragha ya mzungu wa Élisabethville ilibebwa na boyi. Na faragha ya boyi aliyeandika usiku, aliyempikia bukari, yaani ugali wa kwetu, ni nani, aliyefua shati lake la kazi ni nani? Ukisema tendo moja lililo langu linatosha kunituliza, lazima uulize linasimama juu ya mgongo wa nani. Mama anayeuza samaki katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, akirudi anasonga unga, anaosha watoto, anachota maji kwa sababu bomba limekauka. Yeye hesabu ya saa inamshinda kweli, na maneno yangu juu ya moyo hayampi hata dakika. Hapa hoja haiwezi kubaki ya mtu mmoja mmoja. Katika kijiji cha Makwacha, si mbali na Lubumbashi, wanawake hupaka kuta za nyumba zao michoro ya udongo wa rangi kila kiangazi, shughuli za shamba zikishapungua, na mvua inayofuata huifuta. Wanafanya hivyo kwa sababu msimu ule kijiji kizima kinaikubali kazi hiyo. Hakuna anayeuliza kwa nini mama huyu yuko ukutani na hayuko shambani. Muda wao haukupatikana na mtu mmoja aliyejibana, umetolewa na jamii. Jamaa nayo, pamoja na mapungufu yake yote, ilikuwa na sharti ambalo wanaume wa Kolwezi hawakulizoea: hakuna baba aliyeweza kusonga mbele katika mafundisho bila mama kusonga pamoja naye. Uzazi wa fikra ulihitaji wawili. Kwa kipimo hicho, mwanamume wa Katuba anayetafuta jioni za kupiga gitaa ana swali la kumuuliza mke wake kwanza, tena aulize akiwa tayari kubaki na watoto na ndoo za maji siku za mazoezi ya kwaya. Na parokia inayolalamika kwamba akina mama hawana mchango wa mawazo ina saa za mikutano yake za kubadilisha.